Safari ya siku moja kwenda chemchemi za milima ya Mpwapwa: mipango ianzie kwa wenye maji

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mvua zinapokatika, wakazi wengi wa Jiji la Dodoma huanza kuulizana mahali pa kwenda siku ya Jumamosi bila kulazimika kulala nje, na milima ya Mpwapwa imekuwa ikitajwa mara nyingi. Nafurahi sana, kwa sababu watu wengi wanaoishi hapa hawajui kwamba ndani ya mkoa huuhuu wa vumbi na mibuyu kuna miteremko yenye msitu, ukungu wa asubuhi na maji yanayotoka mwambani kiangazi chote. Hata hivyo, maswali ninayoyaona ni ya barabara, nauli na mahali pa kupigia picha, na ya maji yenyewe ni machache mno. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wale wanaotaka kupanda kwa miguu hadi kwenye chemchemi iliyo juu mlimani, mbali na barabara, na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hoja yangu ni moja: chemchemi ya mlimani katika mkoa mkavu ni kisima cha watu, na safari ya kwenda huko inapaswa kupangwa kwa adabu ileile ambayo mtu huitumia anapoingia ua wa jirani yake.

Tuanze na hali ya mkoa, kwa maana ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo makorongo hukauka, na watu wa bondeni huchimba mchanga ili wapate maji. Milima ya Kiboriani na safu ya Rubeho, ambayo ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, hupokea unyevu zaidi kutokana na kimo chake na upepo unaotoka upande wa bahari. Mvua inapoangukia msituni, majani yaliyooza huipunguzia kasi, udongo huifyonza, kisha maji huingia taratibu kwenye nyufa za miamba ya kale, hushuka ndani kwa ndani, na hutokeza pale ambapo ufa unakutana na mteremko. Kwa hiyo maji utakayoyaona mwezi Agosti ni mvua iliyonyesha miezi mingi nyuma, ikatunzwa na msitu ulio juu yako. Msitu huo ukikatwa au ukilimwa, maji hayapati muda wa kuzama. Hushuka yote kwa siku moja yakiwa tope, huingia Mto Kinyasungwe, na wote tunajua jinsi mafuriko ya bonde lile yalivyoisumbua reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe kwa miaka mingi.

Thamani ya maji haya ni ya tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipumzika Mpwapwa ili kujaza vibuyu na viriba kabla ya kuikabili nyika ya Marenga Mkali, ambako wapagazi walitembea kwa mwendo mrefu bila kupata maji ya kunywa, ndipo waingie Ugogo. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871. Mji wa Mpwapwa upo pale ulipo kwa sababu ya maji ya mlimani, na hadi leo vijiji vingi vya Mpwapwa na Kongwa vinaishi kwa maji ya milima hiyo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kwenda kwa wenye maji, kabla hata ya kuchagua siku. Msitu unaotaka kuuingia unaweza kuwa hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unaweza kuwa wa halmashauri, au ukawa msitu wa hifadhi wa kijiji, na kila mmoja una utaratibu wake wa kibali. Mtu wa kukuelekeza vizuri ni mtendaji wa kijiji kilicho chini ya mlima, kwa sababu yeye anajua mpaka unapita wapi, na anajua pia kama chemchemi unayoiulizia imejengewa banio, yaani ukuta mdogo wa kukingia maji, na bomba linaloteremka hadi kwenye vituo vya kuchotea maji. Nyingi zimejengewa, na husimamiwa na vyombo vya watumia maji vya jamii vikishirikiana na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Mgeni anayekanyaga tope juu ya banio asubuhi, au anayeosha miguu yenye mafuta ya kujipaka, anayachafua maji ambayo mtoto atayakinga kwenye ndoo mchana huohuo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na maziwa ya asili. Mtembeaji hafanyi shughuli ya kudumu, lakini napendekeza aichukue hesabu hiyohiyo ya mita 60 kuwa mpaka wake: ndani yake hali chakula, haogi, hajisaidii, hawashi moto. Anaingia, anatazama, anatoka.

Hatua ya pili ni kupata mwenyeji wa kuongozana naye, na malipo yake yakubaliwe mbele ya mtendaji kabla ya kuondoka. Njia za mlimani hukatwa na wachungaji na waokota kuni, na hugawanyika kila mahali bila kibao chochote. Ramani ya simu haikuambii ni kijia kipi kinaishia kwenye genge.

Hatua ya tatu ni saa, na hapa naomba tuwe wakali na nafsi zetu. Hesabu ianze na jua linapozama, irudi nyuma hadi alfajiri. Kuanzia Mei hadi Septemba jua la Dodoma huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi. Kutoka Dodoma hadi Mpwapwa kwa kupitia Mbande na Kongwa ni takriban kilomita 120, nami ningetenga saa mbili na nusu pamoja na kusimama njiani. Ukiondoka saa kumi na moja alfajiri, utafika chini ya mlima kati ya saa moja na nusu na saa mbili, utasalimia ofisini, na saa mbili na nusu uwe umeanza kupanda. Watu wasiozoea hutembea kilomita tatu au nne kwa saa kwenye njia tambarare, na kila mita 100 za kupanda wima huongeza dakika kumi hadi kumi na tano. Kushuka nako hakuna haraka inavyodhaniwa, kwa kuwa changarawe huteleza na magoti huchoka. Kwa hiyo saa ya kugeuka iwe saa saba mchana, hata kama mwenyeji anasema chemchemi ipo nyuma ya kile kilima kidogo. Saa kumi jioni mnapaswa kuwa kwenye gari au mnalikaribia.

Hatua ya nne ni maji ya kubeba. Kila mtu abebe lita tatu, na kuanzia Septemba hadi Novemba abebe nne, kwa sababu miezi hiyo ndiyo ya joto kali na ndiyo pia ambayo chemchemi huwa dhaifu kuliko wakati wowote. Usipange safari kwa kutegemea kwamba utajaza chupa juu.

Nakaribisha maswali na nyongeza.

Mchangiaji wa pili

Ahsante sana, mkuu, kwa uzi uliotulia. Mimi ni mama wa familia, naishi Area C. Nyumbani wanasema maji yanayotoka mwambani ni safi kuliko ya chupa na kwamba yana madini mazuri. Je, tukifika pale jichoni, yaani maji yanapotokea, tunaweza kunywa moja kwa moja? Nauliza kwa sababu watoto hawatasikia la mtu wakishayaona.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, nashauri msinywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa ya kutibu maji. Maji yanayotoka ndani ya ufa wa mwamba huwa yamechujwa na udongo, lakini jicho la chemchemi ni mahali ambapo nyani, ngedere na mifugo nao huja kunywa, na kinyesi hakihitaji kuwa kingi ili kuleta magonjwa ya kuhara. Hatua chache chini ya jicho, palipotuama dimbwi, ni pabaya zaidi. Ukiyachemsha hadi yatokote kwa dakika moja hivi, vijidudu hufa. Tatizo ni kwamba msituni hatuwashi moto, kwa hiyo dawa ya vidonge ndiyo inayofaa, nayo husubiriwa nusu saa kabla ya kunywa. Wape watoto chupa zao mapema, na ziwe zimejaa, ili kiu isiwashinde pale.

Kuhusu madini, tuwe waangalifu. Maji yanayokaa muda mrefu ardhini huyeyusha vitu vingi kutoka kwenye miamba, na katika kanda yetu ya kati baadhi ya visima vina floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Floridi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Madini kuwa mengi, basi, si lazima iwe sifa ya maji.

Mchangiaji wa tatu

Nawasalimu wote. Mbukwa.

Mimi ni mzaliwa wa vijiji vya chini ya mlima huo, na nimefurahi kuona mtu anatukumbuka sisi tunaokunywa maji hayo. Naomba niongeze mambo ambayo wageni wengi hawaelezwi.

La kwanza ni nyuki. Wazee wetu hutundika mizinga ya magogo kwenye miti ya mlimani, na wakati wa kiangazi nyuki huteremka kwa wingi kwenye ukingo wa chemchemi kutafuta maji, hasa jua linapokuwa kali. Mtu aliyejipulizia manukato, au kijana anayerusha mawe majini, anaweza kuwatia hatarini watu wote aliokuja nao. Kaeni mbali na tope la ukingoni na msipige kelele. Mwenye mzio wa kuumwa na nyuki asipande kabisa.

La pili ni upupu. Baada ya mvua mmea huo hutambaa juu ya vichaka, na ganda lake likikauka, manyoya yake hupeperuka na kuwasha mwili mzima. Suruali ndefu na shati la mikono mirefu si hiari. Kuna pia kifutu, nyoka mnene mwenye rangi ya majani makavu, ambaye hakimbii mtu anapokaribia bali hutulia palepale njiani. Kwa hiyo kila mtu atazame anapokanyaga, na asiketi juu ya gogo kabla ya kulichunguza. Akimuuma mtu, msichanje wala msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kisitikiswe, abebwe hadi hospitali ya wilaya haraka iwezekanavyo.

La tatu ni la heshima. Baadhi ya chemchemi na miti iliyo karibu nazo ni mahali pa matambiko, ambapo wazee waliombea mvua na wengine huomba hadi leo. Mwenyeji akisema hapa hapapigwi picha, au hapa viatu vinavuliwa, msibishane naye. Na kama chemchemi ni ya kuchotwa kwa ndoo, mjue kwamba asubuhi na jioni ni saa za akina mama na watoto. Haipendezi kundi la vijana wa mjini kusimama na simu mikononi huku mama anainama kuchota.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru sana, ndugu yangu. Hilo la saa za akina mama sikuliandika, na ni kubwa. Linaendana vizuri na ratiba niliyopendekeza, kwani anayeanza kupanda saa mbili na nusu atafika juu wakati wachotaji wa asubuhi wameshaondoka.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, mimi nina mtazamo tofauti. Kusubiri kiangazi ni kupoteza uzuri wa mahali. Machi na Aprili ndipo milima inapokuwa kijani, maporomoko yanajaa, na hewa ni baridi. Kwa nini tusiende wakati huo, tukabeba makoti ya mvua tu?

Mwanzisha uzi

Mkuu, uzuri unaousema upo kweli, na sikatai kwamba mlima wa Aprili ni wa kupendeza kuliko wa Septemba. Lakini koti la mvua humkinga mtu dhidi ya kulowana, halimkingi dhidi ya korongo. Makorongo ya mkoa wetu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, wakati juu ya kichwa chako kuna jua. Ulilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu unalikuta mchana likiwa mto wa tope unaobeba magogo, na wewe upo upande usio wa nyumbani. Miteremko iliyokatwa miti ndiyo hatari zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang' viliufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu wengi wakapoteza maisha wakiwa majumbani mwao, na wala hawakuwa wapandaji. Radi nayo haina simile kwenye matuta ya wazi.

Ushauri wangu ni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Ardhi imekauka, kijani bado kipo, na chemchemi bado zina nguvu ya mvua za masika. Beba sweta, kwa sababu alfajiri za Juni na Julai ni za baridi hata mjini, na joto hupungua kwa karibu nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Mchangiaji wa tano

Maelezo ni mazuri, lakini mwanzisha uzi hajatutajia chemchemi ipi hasa, wala hajaweka alama ya ramani. Weka mahali penyewe ili kila mtu aende kwa wakati wake. Siku hizi hatuhitaji kuzunguka maofisini.

Mwanzisha uzi

Ndugu, sikuweka kwa makusudi, na sitaweka. Chemchemi ndogo inayotoa maji ya upana wa mkono haiwezi kubeba magari kumi kila Jumamosi. Ukingo ukikanyagwa, udongo huporomoka na kuziba jicho, nyasi zinazoshikilia unyevu hufa, na maji hutafuta njia nyingine. Kijiji kinaweza kugundua hayo Oktoba, wakati ambapo waliokuja kupiga picha wameshasahau.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niseme jambo hapa, kwa sababu nakubaliana na nyote wawili kwa sehemu. Kuficha kabisa nako kuna hasara. Wageni wakija kwa utaratibu, vijana wetu hupata kazi ya kuongoza, na akina mama huuza karanga, ubuyu na viazi. Tena kijiji kikiona kwamba msitu unaleta fedha, ni rahisi zaidi kumkatalia mkata mkaa. Wasiojulikana ndio wanaotutia hofu, wale wanaopita usiku usiku bila salamu. Kwangu mimi, mgeni aelekezwe ofisini, na ofisi ndiyo imwambie aende chemchemi ipi kwa mwezi huo.

Mwanzisha uzi

Nakubali, na umelisema vizuri kuliko mimi. Tutaje ofisi, tusitaje jicho la maji. Kama kijiji kitaamua kutangaza chemchemi yake na kuweka kiwango cha watu kwa siku, hiyo ni haki yake, na hapo nitakuwa wa kwanza kuisambaza.

Mchangiaji wa sita

Shikamooni kwa wakubwa. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa jijini. Nimesoma uzi huu nikiwa na wazo la kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili, wapatao arobaini, ili waone kwa macho mzunguko wa maji tunaoufundisha ubaoni. Je, inawezekana kwa siku moja?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nia yako ni njema mno na nisingependa ikwame, lakini wanafunzi arobaini kwa pamoja kwenye chemchemi ya mlimani sioni kama inafaa, kwa ajili yao na kwa ajili ya maji. Njia za mle ni za mtu mmoja mmoja. Wa mbele akiwa juu, wa nyuma yupo bondeni, na mwalimu mmoja hawezi kuwaona wote. Ukitaka Mpwapwa, wapeleke kwa makundi madogo kwa siku tofauti, kila kundi na walimu wawili na mwenyeji mmoja, na kituo cha mwisho kiwe tangi la maji la chini, ambako fundi wa mradi anaweza kuwaeleza maji yanatoka wapi.

Kama ni lazima waende wote, napendekeza Kondoa. Ni kilomita 160 hivi kwa lami, na chemchemi yake kubwa ipo mjini, haihitaji kupanda mlima, nayo imekuwa ikiwanywesha wakazi wa mji. Zaidi ya hapo, Kondoa ina somo ambalo vitabu vichache hulieleza vizuri. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaukumbuka kwa jina la HADO, kwa sababu ardhi ilikuwa imechimbika makorongo ya kutisha. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika zaidi, jambo lililowaumiza wafugaji wengi na ambalo bado linajadiliwa, lakini miti na nyasi vilirudi kwenye miteremko. Wanafunzi wako wakisimama pale wataona mteremko uliopumzishwa na mteremko uliochoshwa, na wataelewa chemchemi inatoka wapi bila kumkanyaga mtu kisima chake. Muda ukibaki, Kolo iko kaskazini ya mji huo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ila hapo nako kuna kibali na kiongozi wa kituo.

Mchangiaji wa sita

Nashukuru sana, mkuu. Nitalipeleka kwa mkuu wa shule kama safari ya Kondoa, na la Mpwapwa nitalifanya na walimu wenzangu kwanza.

Mchangiaji wa pili

Na mimi nimeshawishika. Tutakuwa watu wazima wanne na watoto wawili wa miaka kumi na kumi na mbili. Tunafikiria Jumamosi ya kwanza ya Juni. Niambieni tu, tukifika asubuhi ile tunaripoti wapi, na tukipata tatizo huko juu tunampigia nani?

Mwanzisha uzi

Dada, Jumamosi ofisi nyingi huwa zimefungwa, kwa hiyo usiache salamu zote kwa siku hiyo. Apatikane mtu mmoja wa kwenda Jumatano au Alhamisi kumwona mtendaji na kuandikisha majina ya watu wote sita, kuulizia kibali na ada yake, na kuchukua namba ya mwenyeji atakayewapokea asubuhi. Mtandao hupotea mabondeni, kwa hiyo msitegemee simu peke yake: mwachieni mwenyeji mwingine aliye kijijini, na ndugu mmoja aliye Dodoma, saa mnayotarajia kushuka, na mkubaliane kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni bila habari, wao ndio watakaoanza kuwatafuta. Mkipata mtandao, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114 na polisi kwa 112. Kwa kuwa mna watoto, sogezeni saa ya kugeuka iwe saa sita mchana, na mkishafika chini salama, wapigieni simu wote wawili kabla ya kuwasha gari.